Nani Aliutia Ngoma Wimbo wa Mkunga?

Sikieni kisa hiki, na mkimkuta mhubiri mwingine anakisimulia, jueni kakiiba kwangu.

Huko Ufini, wapendwa, ziwa huganda hata lori likapita juu yake. Lori, siyo baiskeli! Mimi niliishia darasa la sita, lakini hilo nalijua. Kutoka nchi hiyo alikuja mkunga mmoja, mjane, kufanya kazi kwenye zahanati ya misheni kule milimani. Mwanawe alimwacha kwa shangazi. Mwaka wa kwanza akamtumia barua, ndani yake wimbo wa kwao wa kumlilia Mungu: "Baba, uko wapi? Theluji imefunika njia. Moyo wangu ni ndege asiye na kiota, nifunike." Karatasi ilikuwa na madoa ya machozi. Mwaka wa tatu homa ikamchukua mama huyo, akazikwa hukohuko milimani.

Mtoto akakua, akaota mvi, na swali moja kifuani: mama yangu alijibiwa, au alikufa anaita?

Mwishowe akapanda ndege akaja. Akafika kwenye kanisa la misheni ile Jumapili ya mavuno. Hajakaa vizuri, akasikia kina mama wanaingia na wimbo. Ni uleule! Maneno yaleyale ya Kifini, lakini ngoma inadunda, vigelegele juu, mabega yanacheza, na mmoja kakumbatia jogoo wa sadaka. Mgeni akainama akalia.

Ngoma ikanyamaza. Bibi aliyekuwa anaongoza akamsogelea. "Mwanangu, tumekukosea nini?"

"Bibi," akasema kwa Kiswahili chake cha kitabuni, "huu ni wimbo wa kilio. Mama yangu mkunga aliuimba akilia. Nani aliutia ngoma?"

Je, wewe ungejibu nini? Mimi ningetafuta mlango, na mbio ninazo!

Bibi akacheka mpaka mapengo yakaonekana. "Kumbe wewe ndiye mtoto wake! Ee, mwaka wa kwanza aliuimba akifua mashuka, analia. Maneno hatuyajui, lakini kilio tunakijua. Tukakaa naye, tukafua naye, tukalia naye. Mwaka wa pili, siku mapacha wa dada yangu walipozaliwa wazima, alitoka mbio na aproni yake ya damu, akamnyang'anya mume wangu ngoma, akaupiga wimbo huu mwenyewe. Vibaya! Haya unayoyasikia ndiyo mapigo yake. Hatujathubutu kuyanyoosha."

Unafikiri mgeni alifanyaje? Aliomba ngoma.

Sasa sisi. Tunalia, "Baba, uko wapi?", macho dirishani, tunangoja malaika, kumbe aliyetumwa kutufuta machozi amekaa benchi hilihili, mikono ina sabuni. Ulimwita Mungu jana? Geuka umtazame jirani yako. Na wewe uliyefutwa machozi mwaka jana, mbona wimbo wako bado hauna ngoma? Alijibu, jamani! Alijibu! Simameni basi. Ajuaye kupiga apige, na asiyejua apige vibaya!