Miwani Aliyoichagua Nokoa wa Mtapaya

Ukiipata hii, isome mpaka mstari wa mwisho kabla hujampelekea mwenzako, kwa maana atakayeishia katikati atadhani ni habari ya miwani tu.

Katika pwani ya kusini palikuwa na mashamba ya chumvi yaitwayo Mtapaya. Maji ya bahari yaliingizwa katika majaruba, jua likayakausha, na chumvi iliyobaki ikakwanguliwa kwa reki na kurundikwa. Wakwanguaji walikuwa wanawake arobaini na wawili. Msimamizi wao jina lake kamili lilikuwa Kassim Mwinchande Ngwali, lakini wote walimwita Nokoa, kama walivyoitwa wasimamizi wa mashamba tangu zamani.

Nokoa alisifika kwa jambo moja. Chumvi ilipotoka jarubani aliitazama mara moja tu akataja daraja lake, na vipimo vya maabara vilipoletwa baadaye havikuwahi kumpinga. Kwa hiyo hakuwa na subira na kifaa chochote cha kupimia. Kwake, mashine ni za watu wasiojua kutazama.

Na macho ndiyo yaliyoleta shida Mtapaya. Mchana wa kiangazi jaruba huwa jeupe mpaka linachoma. Jua humpiga mtu kutoka juu, kisha likampiga tena kutoka chini. Wanawake walirudi nyumbani macho mekundu, yakichuruzika machozi. Wawili walikwisha kuota kinyama ndani ya jicho. Mwenye mashamba akamwita Nokoa, akamwagiza aende mjini kuwachagulia watu wote miwani ya jua.

"Usiangalie bei," alimwambia. "Angalia macho ya watu."

Nokoa akafika katika duka la fundi wa miwani aitwaye Nazarali Jamal. Bwana Nazarali alimwekea mezani miwani za namna mbili: moja vioo vyake vya rangi ya kahawia, nyingine vyeusi kama sufuria iliyokaa jikoni miaka.

Nokoa akaichukua ya kahawia, akatoka nayo barazani, akaivaa na kulitazama jua. Alirudi akifuta machozi.

"Hii jua linapita," alisema.

Akatoka na ile nyeusi. Safari hii jua lilikuwa kijiduara kidogo kama kidonge. Akarudi anatabasamu.

"Mzee wangu," Bwana Nazarali akamwambia, "giza si kinga. Katika jua mna miale ambayo jicho haliioni, na hiyo ndiyo inayolila jicho. Hivi vioo vya kahawia vimewekewa kinga yake. Hivyo vyeusi ni plastiki iliyotiwa rangi, basi. Mboni ya jicho ikiwa gizani hupanuka, kama mtu aliyeacha mlango wazi, na miale inaingia itakavyo. Afadhali asiye na miwani kabisa, maana yeye atakunja uso, atafumba kidogo."

"Kama ni mbaya, kwa nini unaziuza?"

"Vijana wanazitaka za kwendea harusini. Wanavaa saa mbili, wanazitupa. Nawe unataka za watu wa kushinda juani. Ngoja, nina kifaa hapa. Niipime mbele yako, ni dakika moja."

"Bwana Nazarali, chumvi ya Mtapaya mwaka wa ishirini na sita huu naipima kwa haya." Nokoa akagusa chini ya jicho lake. "Leo nije nifundishwe na kisanduku?"

"Chumvi inaonekana, mzee. Hii haionekani."

"Basi kisichoonekana nakuachia wewe. Nifungie nyeusi arobaini na tatu, na mimi moja yangu imo."

Siku ya kuzigawa palikuwa na vicheko Mtapaya.

"Jamani, tumekuwa madereva wa mabasi!"

"Mume wangu akipita hapa hanijui."

"Bora asikujue, maana leo hujapika."

Jaruba lililokuwa likichoma sasa lilionekana la kijivu na baridi. Wanawake walimwombea Nokoa dua, naye alizipokea kama mtu anayestahili.

Wiki ya tatu akaja mbele yake mkwanguaji mmoja, Mwanahawa Shauri, aliyefanya kazi hapo pamoja na mdogo wake, Riziki.

"Nokoa, nikiivaa, jarubani napata nafuu," alisema. "Lakini nikifika nyumbani macho yanawaka kama nimetiwa pilipili. Zamani hayakuwa hivi."

"Jicho linazoea kupumzika. Vumilia."

"Nimevumilia. Naomba ruhusa nivae kofia yangu ya ukili, nishushe na kanga usoni. Miwani nikurudishie."

Hapo maneno ya Bwana Nazarali yalimpita Nokoa moyoni. Yalipita upesi, lakini yalipita. Angeweza kusema, ngoja nirudi mjini nikaulize tena. Ila wanawake wengine walikuwa wameegemea reki zao wakisikiliza, na yeye hakuwahi hata siku moja kutaja daraja la chumvi kisha akalibadilisha.

"Asiyevaa miwani haingii jarubani," alisema. "Sheria ni moja kwa wote."

Mwanahawa akaivua, akaiweka juu ya rundo la chumvi, akaondoka.

"Anaogopa itamfutia wanja!" mmoja akamtania, wakacheka.

Riziki hakucheka. "Dada ana kiburi," alisema. "Mtu anakulinda macho, unamtupia."

Ikapita miaka tisa. Miwani zilizovunjika zilibadilishwa kwa nyingine za namna ile ile. Macho ya watu yakazidi kupungua nguvu, nao wakasema chumvi ndivyo ilivyo, inakula watu. Bila miwani ya Nokoa, walisema, ingewala mapema zaidi. Nokoa mwenyewe alianza kutaja daraja la chumvi baada ya kuisugua kidogo kati ya vidole, akiwa amegeuka upande ili wasimwone.

Ndipo akaja daktari wa macho kutoka mkoani, Honorata Mushi. Walimpa banda la magunia, akapima watu tangu asubuhi. Mwanahawa, ambaye siku hizi alilima mihogo juani kutwa na kofia yake ya ukili, alimleta mdogo wake kwa kumshika mkono. Riziki alikuwa na miaka arobaini na mmoja, na macho yote mawili yalikuwa na mtoto wa jicho. Daktari akampima na Mwanahawa pia, mkubwa kwa miaka sita. Yake yalikuwa safi.

Daktari akaichukua miwani ya Riziki, akaiingiza katika kifaa chake. Akaomba ya mwingine, kisha ya mwingine.

"Nani aliwachagulia hizi?" aliuliza.

Mikono yote ilimwonyesha Nokoa.

"Huyo hapo, mzee wetu!"

"Mungu amlipe, daktari. Bila yeye tungekuwa tunapapasa kuta."

Daktari akamsogeza Nokoa pembeni, akamwambia kwa sauti ya chini yale yale aliyoambiwa na Bwana Nazarali, karibu neno kwa neno.

"Najua hukuwa na nia mbaya," alimalizia. "Bila shaka hakuna aliyekwambia."

Nokoa alitazama chini. "Hakuna aliyeniambia," akasema.

Daktari akafungua masanduku aliyokuja nayo, yamejaa miwani za vioo vya kahawia, akawaeleza watu wote bila kumtaja mtu. Wanawake walizivaa, wakatoka kulitazama jaruba, wakarudi wanafuta machozi.

"Hizi jua linapita, daktari."

"Wewe umekuja leo, mwanangu. Nokoa yuko nasi miaka yote."

"Nokoa, sema wewe! Tuvae zipi?"

Nokoa aliwatazama, nao kwake walikuwa ukungu wenye rangi za kanga. Alijua kwamba neno moja lingetosha. Alijua pia kwamba baada ya neno hilo wangehesabu macho yao mmoja mmoja, na kila jicho lingebeba jina lake yeye.

"Sema, Kassim," Mwanahawa akamwambia.

Tangu awe msimamizi, hakuna mkwanguaji aliyewahi kumwita hivyo. Watu waliguna. Mmoja akamwambia Mwanahawa akome, hana adabu.

Nokoa akakohoa kidogo. "Kila mtu avae anayoona inamfaa," alisema.

Vigelegele vikapigwa, kwa sababu walimwelewa kuwa mpole tu mbele ya mgeni. Mmoja baada ya mwingine wakairudisha ya kahawia sandukuni na kuvaa nyeusi zao. Daktari akabembeleza mpaka sauti ikamkauka.

Mwanahawa peke yake alichukua moja kutoka sandukuni. Akamwinamia mdogo wake, akajaribu kumvisha.

Riziki akausukuma mkono wake. "Niache, dada," alisema. "Hata leo unataka kumwaibisha mzee wa watu?"

Kisha akapapasa mapajani mwake mpaka akaipata miwani yake nyeusi, akaivaa, akageuza uso kuelekea ilikotoka sauti ya Nokoa, akamtabasamia.

Funzo: Aliyekosea kwa kutojua ana udhuru. Lakini aliyekwisha kujua, akanyamaza ili aendelee kusifiwa, ametenda kosa lile upya kwa makusudi, na watakaoumia ni wale wanaomwamini.