Chumvi ya Pimbi

Hapo zamani za kale, wanyama walipokuwa wakijenga nyumba na kuajiri wapishi, Pimbi alitafuta kazi mpaka akachoka. Kaeni vizuri, wanangu, maana hata mimi leo nimechoka, sirudii.

Mzee Nyati alitaka mpishi. Desturi ilikuwa hivi: mwombaji apike maharage, afunge chungu kwa jani la mgomba, akiache jikoni asubuhi. Fisi, msimamizi wa nyumba, aonje. Jioni mwombaji arudi kuchukua majibu.

Pimbi alikuwa na watoto wanne na shamba lililokauka. Akavuka mlima, akapeleka chungu chake.

"Hukupata," Fisi akamwambia jioni.

"Nilikosea wapi, bwana?"

"Chumvi imezidi."

Pimbi akapunguza chumvi, akavuka mlima tena, chungu kichwani.

"Chumvi imezidi!"

Mara ya tatu hakutia chumvi hata chembe.

"Imezidi!" Fisi akasema, huku akipiga miayo.

Siku hiyo Pimbi alikaa njiani akalia. Aliona aibu kurudi mikono mitupu kwa watoto wenye njaa.

Mara ya nne, alipofuata majibu, alimkuta Mzee Nyati mwenyewe barazani.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Una shida gani?"

"Nimekosa kazi tena. Sigombi, mzee. Naomba tu nielezwe kosa langu, nijirekebishe."

"Hiyo ni haki yako. Fisi! Hebu mweleze."

Fisi akakohoa. "Kho! Chumvi imezidi. Na maharage... magumu kidogo."

"Ulionja mwenyewe, bwana?" Pimbi akamuuliza.

"Vijiko vitatu vizima!"

"Basi niletee chungu changu, na mimi nionje."

Fisi akakileta bila kufikiri, jani bado limefungwa. Nyati akalichana, chwaa! Akainamisha chungu. Ko-ko-ko-ko! Kokoto za mtoni zikamwagika sakafuni.

"Lo! Fisi, ulikula hizi?"

"Mzee... nilimwona mdogo, nikajua hawezi."

"Kumbe! Mwezi mzima natafuna nyasi kavu kwa ajili yako? Toka! Pimbi, kazi ni yako."

Pimbi hakurukaruka. Alijikalia palepale chini, miguu inamuuma.

"Nashukuru sana, mzee. Ila leo nipe chakula niwapelekee wanangu. Kupika nitaanza kesho."

Funzo lake, wanangu: usiikatae kazi ya mtu kabla hujaionja.