Ekzosi ya Fulgensi Mgaya

"Angurumaye hasikii aitwapo," alisema Mzee Kiliani Luhwago, akausimamisha msumeno.

Ekzosi ilikuwa imebanwa kwenye jiliwa la karakana yake, na msumeno ulikuwa umekwisha kuuma nusu ya bomba. Ilikuwa ya Gaudensi, kijana aliyenunua pikipiki kubwa ya kiti cha chini na mpini mpana, aina ambayo vijana wa Mafinga huiita kruza. Alikwisha kubadilisha taa, tangi na kiti. Sasa alitaka sailensa ikatwe yote, bomba libaki mdomo wazi, pikipiki isikike kabla haijaonekana. Binamu yake Tunu, ambaye ndiye hupanda nyuma yake kila siku kwenda kazini, alikuwa ameketi juu ya tairi kuukuu akijikunyata kwa baridi.

"Babu, hilo neno nalisikia kila mahali," alisema Tunu. "Juzi mama alimtupia mwenyekiti kikaoni, watu wakacheka. Limetoka wapi?"

"La wahenga hilo," alidakia Gaudensi. "Kata tu, babu."

"Wahenga gani? Aliyelisema kwanza nilimfahamu, na mumewe nilisaidia kumbeba." Mzee alifuta mikono kwa kitambaa, taratibu, kidole kimoja kimoja. "Methali hii ilianza hivi."

Kwenye njia ya Sawala, wakati mashine za kupasua mbao zilipokuwa nyingi msituni, alikuwapo mpasuaji aitwaye Fulgensi Mgaya. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mcheshi, mwepesi wa kusaidia, na alipenda kutazamwa, kama wengi wetu. Alipata kruza kuukuu, akaitengeneza kwa uvumilivu mpaka ikapendeza. Kila jioni alirudi nyumbani pamoja na shemeji yake, Odilo Kiwele, mume wa dada yake Sikudhani. Odilo alikuwa na pikipiki ndogo tu, na alikuwa mtu wa maneno machache.

Mnaujua ukungu wa kule. Ukishuka, unaweza kunyoosha mkono usiione kucha yako. Kwa hiyo waendesha pikipiki walikuwa na desturi: hakuna kwenda peke yako, mwenye taa kali hutangulia, na wa nyuma akipatwa na jambo hupiga honi mbili. Wa mbele akisikia honi mbili, husimama na kurudi. Ndiyo ilikuwa sheria yote, na iliokoa wengi.

Siku ya kuchagua ekzosi, Fulgensi alikwenda na kruza yake kwa fundi Zakayo, na watu wakajaa. Zakayo alikuwa na tatu. Ya kwanza ilikuwa ndefu, yenye sailensa yake kamili. Walipoifunga na kuwasha, injini ikanong'ona.

"Hiyo ya mke wa katekista!" mtu alipiga kelele. "Toa!"

Ya pili ilikuwa fupi, sailensa yake imejazwa nyuzi za chuma. Hiyo ilikoroma kwa sauti nzito, ya kiasi. Zakayo akasema yeye anaipenda hiyo. Lakini watu walikwisha kuanza kuitana waione ya tatu, bomba tupu lisilo na kitu ndani. Ilipowashwa, kuku walikimbilia uvunguni na vijana wakarusha kofia juu. Fulgensi alisimama nyuma ya pikipiki yake pamoja na wote, mikono kiunoni, uso unang'aa.

Odilo alimsogelea. "Shemeji, ukungu ukishuka nitakuitaje?"

"Kwa honi, shemeji."

"Utaisikia?"

"Ng'ombe wako wa mahari niliowala bado wanalia humu tumboni," Fulgensi alijibu, akijipiga tumbo. "Hao wataniambia kwamba mwenye ng'ombe anaita!"

Watu wakacheka, Odilo naye akacheka. Ni shemeji yake, angesema nini? Hapo ndipo kosa lilipokaa, wala halikuwa la mtu mmoja. Ekzosi ilichaguliwa na watu waliosimama nyuma yake. Hakuna hata mmoja aliyeketi juu ya kiti, akavaa helmeti, akamwambia mwenzake ajaribu kumwita.

Haukupita muda mrefu. Jioni moja ya Juni ukungu uliwakuta njiani, mvua ya rasharasha imelainisha udongo mwekundu. Fulgensi alitangulia, akinguruma. Kwenye kona ya bonde la milingoti, ile mikaratusi mirefu, pikipiki ya Odilo iliteleza, ikaingia naye mtaroni, ikamlalia kifuani na miguuni. Mkono wake mmoja ulikuwa huru. Akapiga honi mbili. Akangoja. Akapiga mbili tena.

Fulgensi alifika kwa dada yake, akazima injini. Sikudhani alitoka na kanga kichwani.

"Kaka, mwenzako yuko wapi?"

"Yuko nyuma, anakuja."

Sikudhani alisimama akielekeza sikio njiani. "Mbona sisikii kitu?"

Hapo Fulgensi naye akasikiliza, pengine kwa mara ya kwanza siku hiyo. Palikuwa na matone ya maji tu, yakidondoka kutoka kwenye bati.

Alipiga kiki nyingi ndipo injini ikawaka, maana tangu bomba lile lifungwe ilikuwa ngumu kuwaka kwenye baridi. Akarudi njiani haraka. Na kwa kuwa aliogopa ikizimika haitawaka tena, hakuizima popote. Alikwenda akiita, "Odilo! Shemeji!" huku pikipiki inanguruma chini yake. Alipita kona ile. Akafika mpaka kwenye mashine ya mbao walikotoka, akaambiwa Odilo aliondoka naye. Akageuka, akaipita kona mara nyingine.

Upande wa pili wa bonde alikuwako bibi mmoja aliyekuwa akirudi na kuni. Yeye ndiye aliyetusimulia. Alisema, "Honi ililia mbili, ikanyamaza, ikalia mbili. Pikipiki kubwa ikaja, ikapita. Honi ikalia tena. Pikipiki ikarudi, ikapita. Nikadhani ni vijana wanataniana. Mwishowe honi ikawa inalia kama mbu, kisha ikaisha."

Tulimkuta Odilo usiku huo, baada ya sisi majirani kwenda kwa miguu, kimya, tukiwa na taa. Kidole chake kilikuwa bado kwenye honi.

Siku ya kuondoa matanga, wazee walikaa. Wengine walitaka Fulgensi atozwe, wengine walisema ni ajali ya Mungu. Yeye mwenyewe alikaa chini, kichwa kati ya magoti, hakujitetea. Wakamgeukia Sikudhani wamsikie.

"Huyu ni kaka yangu, tumenyonya ziwa moja," alisema. "Sina la kumtoza. Alikwenda kumtafuta mume wangu, najua alimtafuta kwa moyo wake wote. Lakini angurumaye hasikii aitwapo."

Wazee waliinuka mmoja mmoja, na lile neno likaenda nao majumbani. Fulgensi aliirudisha ile ekzosi ndefu, ya kunong'ona, na hakuna aliyemcheka. Hata leo waendesha pikipiki wa njia ile, ukungu ukiwapo, wakifika kwenye kona ya milingoti huzima injini. Husikiliza kidogo. Kisha huwasha, wakaenda zao.

Mzee Kiliani alikitundika kitambaa msumarini. Nje, ukungu ulikuwa umekwisha kufunika paa za jirani. Gaudensi alikuwa anautazama mkato kwenye bomba lake.

"Sasa, babu... unaikata au huikati?"

"Pikipiki ni yako, sikuamulii. Mkato huu unaweza kuendelea, na unaweza kuchomelewa. Kesho njoo na helmeti yako. Utaketi juu ya kiti, tutaiwasha, na Tunu atakwenda kusimama kule kwenye tangi la maji akuite. Tutaanzia hapo."

Aliuacha msumeno pale pale ndani ya mkato, akachukua koti lake. Tunu alikwisha kutangulia njiani, haonekani tena. Gaudensi alibaki ameinamia jiliwa, akipapasa chuma kwa kidole gumba.

"Gaude!" sauti iliita kutoka ukunguni, si kubwa.

Kijana aliinua kichwa. "Naam! Nakusikia."

"Leo unasikia," alisema Mzee Kiliani, akivuta mlango, "kwa sababu pikipiki iko kimya. Angurumaye hasikii aitwapo."