Kipande cha Keki cha Tunu

Hapo zamani, lakini si zamani sana, maana ndoo za plastiki zilishakuwapo, palikuwa na shule ya bweni ya wasichana. Wanafunzi watatu walichaguliwa kuwasikiliza, kwenye benchi moja la uani, wenzao waliolemewa na mawazo. Walifungwa utepe wa kijani mkononi, wakaapa: la benchini halitoki benchini.

Shuleni hapo alikuwapo Tunu, wa kidato cha nne. Siku moja Tunu akagawa ndoo yake. Wenzake wakashangilia. Hidaya, mmoja wa wale watatu, akashtuka. Bwenini mtu hugawa sabuni, hugawa hata nusu ya kitanda, lakini ndoo? Anayeitoa ndoo yake haihesabu kesho. Akamshika mkono, akampeleka benchini kwa Leokadia, mwenzake wa utepe.

Wiki ya kwanza Tunu akalia, Leokadia akakaa naye. Wiki ya pili akanyamaza, Leokadia akakaa naye. Wiki ya tatu akasema, "Sitaki kuishi tena. Usimwambie mtu." Leokadia akakumbuka kiapo, hakumwambia mtu.

Kesho yake Leokadia akashikwa na malaria, Mwanahawa, wa tatu wao, akaingia zamu. Tunu akamwambia maneno yaleyale. Mwanahawa akainuka palepale, akaenda kumwambia mwalimu wa ushauri. Tunu akapelekwa hospitali, akatibiwa, akapata nafuu, akarudi darasani. Mwanahawa akavuliwa utepe kwa kuvunja kiapo, na muhula mzima hakuna aliyethubutu kukaa tena kwenye benchi lile. Tunu mwenyewe alimkasirikia hadi akaacha kumsalimu.

Mahafali yakafika. Desturi ya pale, kila anayehitimu humlisha keki mtu mmoja tu mbele ya wazazi, yule aliyemfikisha siku hiyo. Tunu akakidunga kipande kwa kijiti.

Hidaya akasema, "Nisingeiona ndoo, nani angekuona wewe?"

Leokadia akasema, "Nisingekaa nawe, ungepata wapi kinywa cha kusema?"

Mwanahawa akasema, "Nisingesema, leo ungekuwapo wa kulisha keki?"

"Na hao wanaoliogopa benchi kwa sababu yako?" Leokadia akamgeukia Mwanahawa.

"Na wewe ungenyamaza mpaka lini?"

Tunu akawatazama wote watatu. Aliwapenda wawili, wa tatu alikuwa bado ana kinyongo naye.

"Mwanangu," mama yake akamwambia, "watu wanasubiri. Mlishe basi."

Haya, ninyi mnaonisikiliza, semeni upesi, keki inameguka kwenye kijiti. Je, nani alistahili?