Lango la Karibu na Jalala

Paukwa!

Pakawa!

Nani huyo ameitika huku anapiga miayo? Paukwa!

Pakawa!

Haya. Zamani za kale, ila si kale ya kusimuliwa, maana mimi nilikuwepo. Nilikaa juu ya tangi la maji, natafuna muwa, nikaona yote. Na msiniulize niliwaelewaje wanyama. Shule niliacha darasa la nne kwa sababu mwalimu aliishiwa ya kunifundisha. Lugha za porini nikajifunza mwenyewe.

Palikuwa na Mama Tandala na mwanawe, Kitone. Kiangazi kikaingia. Kilimani majani yakakauka, vijito vikakauka, maziwa ya mama nayo yakaanza kukauka. Basi wakashuka kwenda kinamasini, kwenye maji na majani mabichi. Mama mbele, mtoto nyuma, wanaimba:

*Mguu wa bibi, mguu wa mama,*
*hapa ndipo, hapa ndipo.*

Wakatembea, wakatembea, wakatembea. Mara, zziiing! Pua ya mama imegonga waya. Mwaka jana hapakuwa na waya. Sasa kuna uzio, na nyuma ya uzio nyumba za mabati mekundu, maua, mbwa, kamba za nguo.

"Mama, hapa ndipo?"

"Hapa ndipo."

Juu ya nguzo ya uzio ameketi Nyani, analamba kopo la maziwa la watu.

"Shikamoo, Shangazi Masikio! Masikio yote hayo na hujasikia kuwa mji umefika?"

"Marahaba. Njia yetu imekwenda wapi?"

"Imo humo humo, chini ya sebule ya mtu. Ila watu wana huruma, wamewaachia lango. Lile pale, karibu na jalala. Mimi napita kila siku, mikono mfukoni."

"Kwani una mfuko wewe?" akauliza Kitone.

"Nyamaza. Majirani zangu wanayo."

Kitone akacheka. Ndiyo mara ya mwisho kumsikia akicheka.

"Mama, twende langoni."

Mama akalitazama. Akanusa. "Linanuka rangi. Halinuki mama yangu. Bibi yako alipita hapa, na mamaye alipita hapa. Kule sikujui."

Akarudi nyuma, akaruka. Ruu! Tii! Akawa ng'ambo.

"Umeona? Ruka."

"Mama, miguu yangu mifupi."

Mama akaruka kurudi, akamnyonyesha. Kikatoka kitone, basi. Akaruka tena. Ruu! Tii!

"Ruka, mwanangu. Harufu ya maji naisikia."

Hapo akaja mbio Mshigheni, mlinzi wa zile nyumba, na fimbo mkononi. "Wewe mnyama! Lango si lile? Piteni kule! Shiii!"

Mama akashtuka, akapenya katikati ya nyumba, akaelekea kinamasini. Kitone akaona mgongo wa mama unakwenda, unakwenda. Akarudi nyuma. Akaimba kwa sauti ndogo: hapa ndipo, hapa ndipo. Akaruka.

Zziiing!

Mguu wa nyuma ukanasa kati ya nyaya mbili za juu. Akaning'inia. Mshigheni akatupa fimbo, akavuta waya kwa mikono mpaka damu ikamtoka. "Subiri, mwanangu. Subiri kidogo."

Hakusubiri.

Mama akarudi, akasimama. Mshigheni akalia kama mtoto. "Lango tuliwaachia, mama. Mbona hukupita?"

Mama akamnusa mwanawe, akaondoka. Mpaka leo, kila kiangazi, anashuka pale pale. Anaruka. Ruu! Tii! Halafu anageuka, anatazama ng'ambo, anangoja wa kumfuata.

Fundisho ni hili, wakubwa kwa wadogo: kabla hujajenga, uliza nani hupita hapo. Ukishaziba, huruma yako haimfikishi mtoto wa mwenzio kwenye maji.

Hadithi yangu imeishia hapo, penye waya.

Ila ngojeni. Tangi lilikuwepo. Muwa ulikuwepo. Kitone alikuwepo. Lango ndilo nimelitia mimi, nilitaka sisi watu tuonekane tuna haya kidogo. Mama Tandala hakukataa kitu. Hapakuwa na lango.