Kwa Nini Mji wa Zakolno Una Ziwa Katikati

Sogeeni, na mwenye kukohoa akohoe sasa amalize, maana kisa hiki hakipendi kukatizwa. Kimetoka mbali, Polandi, nchi ambayo theluji haikai kileleni tu kama kwetu hapa Meru. Hushuka hadi mlangoni ikakaa miezi. Bibi yangu alikipata kwa mama mmoja wa Kipolandi, miongoni mwa wakimbizi waliowekwa Tengeru wakati wa vita, aliyekuwa akinunua ndizi kwake. Bibi alikisimulia ameshika kifua, nami hadi leo sijajua kukisimulia kwa namna nyingine.

Zamani hizo Zakolno haukuwepo. Palikuwa na msitu, na katikati ya msitu uwanda mweupe, bapa, usio na hata kisiki. Akaja Radosz na watu wake kutoka milima ya kusini, wamekimbia njaa, wamefika katikati ya majira ya baridi. Barafu waliyoijua wao ni ile ya vijito, nyembamba, inayovunjika kwa kisigino. Ziwa hawakulijua. Radosz alipouona uwanda ule alipiga magoti akalia. Maskini, wapi tena mtu angepata kiwanja kilichosawazishwa tayari?

Akapanga mji. Watu wakajenga nyumba za magogo pembezoni, penye miti, kuuzunguka uwanda. Uwanda wenyewe ukaachwa uwe soko. Ila nyumba yake yeye aliiweka katikati kabisa, ili kila atokaye nje aione. Wakubwa ndivyo walivyo. Kando yake wakachimba kisima, na kabla shimo halijafika kina cha mtu maji yakapanda, matamu, na ndani yake samaki. Samaki kisimani, jamani! Wewe na mimi tungekusanya watoto tukaondoka. Wao walishangilia, na Radosz akasema Mungu amewapa maji na kitoweo kwa pamoja. Mwenye njaa hana miiko, na wale walikuwa na njaa.

Dobrawa, mke wa Radosz, alikuwa mjamzito. Ndiye aliyemwambia mumewe kwamba sakafu karibu na meko inatoka maji. Alimwambia, akarudia kumwambia. Radosz alitandaza nyasi kavu akaenda zake. Hata jua lilipoanza kupata nguvu, na mngurumo ukasikika chini ya soko, watu walisema ni radi ya mbali, wakaendelea kupitisha mikokoteni.

Asubuhi ambayo Dobrawa alijifungua mtoto wa kike, uwanda ulipasuka. Ufa ulikimbia kutoka ukingo mmoja hadi wa pili, na maji meusi yakachungulia. Watu walisimama milangoni kwao wameduwaa. Soko lao lilikuwa ziwa! Miezi yote ile walikuwa wakifanya biashara, wakicheza, wakigombana juu ya ziwa, na hakuna aliyejua. Mimi mwili hunisisimka kila nikifika hapa. Nyumba ya Radosz ikainama upande mmoja, na ndani mlikuwa na Radosz, mzazi, kichanga, na Bogna, mama mkunga.

Kamba hazikufika. Aliyejaribu kuwafuata kwa miguu alizama hadi kiunoni, wakamvuta. Ndipo mmoja wao akang'oa mlango wa nyumba yake akausukuma juu ya barafu, kwa kuwa ubao mpana hauitoboi barafu kama unyayo. Jirani yake akang'oa wake. Kufumba na kufumbua mji mzima haukuwa na mlango hata mmoja, na njia ya milango ikawa imefika kizingitini kwa Radosz.

Bogna akatangulia, anatambaa kwa tumbo, kichanga amefungwa mgongoni. Lakini ule mlango wa karibu na nyumba ulikuwa umevuka ufa, na uzito ukifika ncha moja, ncha nyingine inainuka. Radosz akailalia ncha ya kizingitini kwa kifua, akaikandamiza. Bogna akapita. Dobrawa akapita, kisha akageuka kumngoja mumewe.

"Nenda," Radosz akamwambia. "Nikiinuka mimi, ubao utakutupa majini."

"Na wewe utakuja?"

"Nenda kamnyonyeshe mtoto."

Akaenda. Alipoushika mlango wa pili, barafu iliyobeba nyumba ilizama kwa mara moja, nyumba na Radosz ndani yake. Hakupiga kelele. Hilo ndilo lililowashtua kuliko yote, Bibi alisema, kwa sababu hakuna aliyekuwa na sauti kubwa kama yake. Majira yale mji mzima ulilala bila milango, upepo wa barafu ukiingia hadi vitandani, wala hakuna aliyelalamika.

Na tangu siku hiyo Zakolno ni mji wa duara, nyumba zimeyazunguka maji, na soko lao liko nje kabisa, kando ya barabara. Na ukipita huko baridi inapouma, ukakuta milango ya mtaa mzima i wazi na theluji inaingia hadi jikoni, usidhani watu wamehama. Kuna mwanamke ameshikwa na uchungu. Hawafungi mpaka wasikie mtoto analia.