Masizi Mdomoni

Apa kwanza hutamwambia mtu. Umeapa? Haya, hata mimi niliapa, sogea nikwambie.

Kisima cha kina Bokayo kilikauka, wakapanga safari ya kwenda jangwani, kwenye mwamba wa mchanga wenye chemchemi. Wakachanga maji ya njiani, wakayajaza vibuyuni. Asubuhi vibuyu vitupu! Wakachanga tena, vitupu!

“Ni wewe, shemeji!” Bokayo akamfokea shemeji yake.

“Mimi? Na tumbo lako hilo?”

Mara ya tatu Bokayo akavifukiza vibuyu kwa moshi, kama vifukizwavyo vya maziwa, akaacha masizi midomoni mwavyo yamchafue mwizi. Kulipokucha wakakaguana midomo. Yote safi! Wakabaki kushangaana.

Ghafla kivuli kikawafunika. Mwamba wenyewe ulisimama uani, mdomo mweusi tii, ukikamua kibuyu cha mwisho.

“Msinitazame hivyo,” ukasema. “Kwangu kumekauka, nikasikia kwenu kuna kisima.”